Malambo na Uchumi wa Majani: Malisho, Utalii na Swali la Nani Aamue

Mjadala kuhusu Ngorongoro umechanganya mambo mengi kiasi kwamba mtu anayefuatilia habari kwa redio au magazetini hupata shida kujua kinachozungumzwa. Jina moja, Ngorongoro, hutumika kwa kreta, kwa hifadhi na kwa wilaya nzima. Loliondo hutajwa kama sehemu ya kreta, ingawa iko mbali nayo. Wakazi wa Malambo huhesabiwa miongoni mwa wanaoishi ndani ya hifadhi, ilhali kata yao iko nje ya mpaka wake. Kila eneo kati ya haya lina sheria yake na historia yake, na faida na hasara zake hazifanani. Asiyezitofautisha hawezi kupima hoja ya yeyote, iwe ya serikali, ya wafugaji au ya wadau wa utalii.

Uchambuzi huu unaichukua Malambo, kata ya tarafa ya Sale wilayani Ngorongoro, kama mfano wa swali pana zaidi: eneo dogo linaloishi kwa rasilimali moja lifanye nini ili lisiyumbe? Mara nyingi swali hili huulizwa kuhusu visiwa. Linaihusu pia Malambo, kwa sababu kila kitu hapo, kuanzia chakula hadi ada ya shule, kinatokana na majani.

Ardhi yenyewe

Wilaya ya Ngorongoro ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 14,000. Kati ya hizo, 8,292 zimo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, yaani zaidi ya nusu ya wilaya. Malambo iko nje ya hifadhi hiyo, upande wa kaskazini. Kusini kuna Milima ya Gol na nyanda za Salei. Mashariki ardhi inateremka kuelekea Bonde la Ufa na Ziwa Natron. Magharibi, ukishapita Piyaya, tambarare zinaendelea hadi Serengeti.

Mambo mawili ya kijiografia yanaamua maisha ya hapa. La kwanza ni mvua. Nyanda za juu za Ngorongoro hukamata unyevu unaotoka mashariki, na nchi iliyo nyuma yake hubaki katika kivuli cha mvua. Kilimo cha kutegemea mvua ni cha kubahatisha. Hata katika tarafa hiyohiyo ya Sale, Wasonjo wa Samunge na Digodigo wanalima kwa sababu wana chemchemi na mifereji ya asili waliyoisimamia kwa vizazi vingi. Pasipo na chemchemi ya namna hiyo, jembe halina ahadi.

La pili ni majivu. Ol Doinyo Lengai, mlima ulio hai na wenye lava ya magadi isiyopatikana kwingine duniani, umekuwa ukimwaga majivu kwenye nyanda hizi kwa maelfu ya miaka. Ulilipuka kwa kishindo mara ya mwisho mwaka 2007 na 2008. Majivu hayo yametengeneza tabaka gumu chini ya udongo ambalo mizizi ya miti haipenyi kwa urahisi, na juu yake yamestawisha nyasi fupi zenye madini mengi kama chokaa na fosforasi. Ndiyo maana nyumbu zaidi ya milioni moja huja kuzalia katika nyanda hizi za nyasi fupi kati ya Januari na Machi. Ng'ombe nao hunenepa kwa sababu hiyohiyo. Mgogoro wote unaanzia hapa: nyasi bora kwa wanyamapori ndizo nyasi bora kwa mifugo, na zote huota wakati mmoja.

Uchumi wa rasilimali moja

Mfugaji wa Malambo haishi kwa kula nyama kila siku. Anaishi kwa kubadilisha mnyama kwa mahindi, na hilo huonekana waziwazi siku ya mnada. Mwenye ng'ombe anakuja na maksai mmoja au mbuzi wawili. Dalali anampapasa mnyama mgongoni na kwenye nyonga kusikia kama mfupa umefunikwa, anaangalia meno, kisha anataja bei ya chini. Muuzaji hamtazami dalali tu. Jicho lake jingine liko kwenye magunia yaliyopangwa pembeni, kwa sababu bei ya maksai haina maana mpaka ajue itanunua magunia mangapi.

Mvua zikiwa nzuri, mnyama mmoja hulisha familia kwa muda mrefu. Kiangazi kikikaza, mambo mawili hutokea kwa pamoja: ng'ombe hukonda na bei yake hushuka, huku mahindi yakipungua na bei yake ikipanda. Mfugaji hulazimika kuuza wengi ili kupata kilekile, na kila anayeuza huwaongezea wenzake hasara kwa kujaza mnada. Ukame wa mwaka 2009 ulionyesha hali hii kwa ukali katika wilaya nzima. Familia nyingi zilipoteza sehemu kubwa ya mifugo, na nyingine hazijarudi zilipokuwa.

Kinga ya jadi dhidi ya hatari hii ni kuhama. Wakati wa mvua mifugo hutumia nyanda za chini, na kiangazi husogea kwenye maji ya kudumu na nyasi zilizotunzwa. Karibu na boma huachwa *alalili*, malisho ya ndama na wagonjwa yasiyoguswa na kundi kubwa. Vijana huhamia ronjo, kambi za muda, pamoja na kundi la ng'ombe wakubwa. Nyumbu wanapozaa, wafugaji huwaondoa ng'ombe kwenye nyanda zilezile zilizo bora, kwa sababu ndama wa nyumbu hueneza virusi vya homa inayoua ng'ombe na isiyo na tiba. Kwa hiyo katika miezi ambayo nyasi ni tamu kuliko zote, mfugaji huzikimbia na kwenda kwenye nyasi za daraja la pili. Eneo hilo la pili likifungwa, hana pa kukimbilia.

Huo ndio udhaifu wa uchumi huu: rasilimali ni moja, lakini kuitumia kunahitaji maeneo mengi.

Mipaka ilivyosogea

Mwaka 1959 Serengeti ilitenganishwa na Ngorongoro. Wamasai waliondoka Serengeti, na Ngorongoro ikawekwa chini ya mfumo wa matumizi mseto, ambamo watu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. Wakati huo wakazi wa hifadhi walikadiriwa kuwa 8,000 hivi. Katikati ya miaka ya 1970 makazi ndani ya kreta yaliondolewa na kilimo kikapigwa marufuku. Marufuku ya kilimo ililegezwa mwaka 1992 na kurudishwa mwaka 2009. UNESCO iliiandikisha Ngorongoro kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1979.

Nje ya hifadhi, tarafa za Loliondo na Sale zilikuwa chini ya Pori Tengefu la Loliondo, lenye kilomita za mraba zipatazo 4,000. Mfumo huo uliruhusu uwindaji wa kibali na wakati huohuo ulikubali vijiji na mifugo kuwepo. Mwaka 1992 kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ilipewa kitalu humo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ikaimarisha masharti ya kuchunga katika mapori tengefu. Tangu hapo ardhi hiyohiyo ikadaiwa mara mbili, kama ardhi ya vijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na kama pori tengefu kwa sheria ya wanyamapori.

Juni 2022 serikali iliweka vigingi kutenga kilomita za mraba 1,500 kwa uhifadhi, na kueleza kuwa 2,500 zilizobaki ni za wananchi. Zoezi hilo liliambatana na vurugu zilizosababisha kifo cha askari polisi na majeraha kwa wananchi. Eneo lililotengwa, Pololeti, lilitangazwa kuwa pori tengefu na baadaye mwaka huohuo likawa pori la akiba, na Malambo ni miongoni mwa kata zilizoguswa. Mwaka 2023 Mahakama Kuu jijini Arusha ilibatilisha tangazo la pori tengefu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Katika kipindi hicho, wakazi wa ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro walianza kuhamishiwa Msomera wilayani Handeni, kwa mpango ambao serikali inauita wa hiari na ambao wakosoaji wanaupinga. Desemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza tume mbili, moja ya kuchunguza mgogoro wa ardhi na nyingine ya kupitia utekelezaji wa uhamaji huo.

Kwa hiyo kuna maswali mawili tofauti. La Msomera linawahusu wakazi wa ndani ya hifadhi. La Malambo linahusu ardhi ya malisho iliyo nje yake. Kuyachanganya hudhoofisha hoja za pande zote.

Somo la visiwani

Visiwa vidogo vinatupa vielelezo vitatu vya uchumi wa rasilimali moja.

Nauru, kisiwa cha kilomita za mraba 21 katika Bahari ya Pasifiki, kilichimba fosfeti na katika miaka ya 1970 kikawa miongoni mwa nchi tajiri kwa kipato cha mtu mmoja mmoja. Madini yalipopungua, fedha zilizowekwa akiba zilikuwa zimewekezwa vibaya, na sehemu kubwa ya ardhi imebaki mawe yasiyolimika.

Komoro inaishi kwa vanila, karafuu na ilangilangi, pamoja na fedha zinazotumwa na wananchi wake walioko Ufaransa. Bei ya mazao hayo huamuliwa mbali, na mkulima wa Ngazidja au Nzwani hana nguvu juu yake.

Zanzibar iko karibu zaidi nasi. Kwa miongo mingi karafuu, hasa ya Pemba, iliibeba serikali. Indonesia, mnunuzi mkubwa kwa ajili ya sigara zake za karafuu, ilipojitosheleza, bei ikaporomoka katika miaka ya 1980. Shirika la biashara la taifa lilikuwa mnunuzi pekee, na kwa kuwa lilimlipa mkulima kidogo, karafuu ikawa inavuka kwa magendo hadi Kenya. Baada ya sera kubadilika mwanzoni mwa miaka ya 2010 na mkulima kupewa sehemu kubwa ya bei ya soko la dunia, ari ya kutunza mikarafuu ilirudi, ingawa kufikia wakati huo utalii ulikuwa umeshika nafasi ya kwanza.

Nauru inaonya kwamba rasilimali huisha na akiba isiyotunzwa huisha nayo. Komoro inaonyesha unyonge wa asiyepanga bei. Zanzibar inafundisha kwamba mwenye rasilimali huitunza anapopata sehemu yake ya haki, na asipopata hutafuta njia ya uani. Malambo ina faida moja ambayo Nauru haikuwa nayo: majani huota tena, mradi yapewe nafasi ya kupumzika.

Msimamo wa kwanza: uhifadhi utangulie

Watetezi wa msimamo huu wanasema idadi ya watu na mifugo imepita uwezo wa ardhi. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta wilaya na watu wapatao 174,000, na ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya 270,000. Wanasema pia kwamba ukanda wa Pololeti una vyanzo vya maji na mazalia yanayoihudumia Serengeti nzima, na ukiharibika, utalii wa taifa utaumia. Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 na zaidi ya milioni 2.1 mwaka 2024. Sekta hiyo huliletea taifa fedha za kigeni, nayo inajenga hospitali na barabara mbali na Ngorongoro.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba inatazama ikolojia kwa ujumla. Nyumbu hawajui mpaka wa kijiji, na njia yao ikikatwa mahali pamoja, mzunguko wote hutetereka. Ni kweli pia kwamba ardhi ina ukomo wake.

Udhaifu wake uko katika hesabu ya nani analipa na nani anapata. Gharama ya kufungwa kwa malisho huangukia boma la Malambo siku hiyohiyo, ilhali faida husambaa taifa zima. Mabadiliko ya sheria ya fedha ya mwaka 2020 yaliagiza mapato ya taasisi za hifadhi yakusanywe na Mamlaka ya Mapato na kuingia katika mfuko mkuu wa serikali, na hivyo umbali kati ya chanzo cha mapato na jirani wa hifadhi uliongezeka. Isitoshe, utalii wenyewe ni rasilimali moja. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, idadi ya watalii ilishuka hadi takriban 620,000. Anayemwambia mfugaji aache kutegemea ng'ombe ategemee watalii anamhamisha kutoka hatari moja kwenda nyingine.

Msimamo wa pili: mfugaji aachiwe njia zake

Upande huu unasema kuhama ndiyo teknolojia iliyothibitishwa ya nchi kavu. Kundi linalosogea halichoshi mahali pamoja. Nyanda hizi ambazo dunia inazisifu zimechungwa kwa karne nyingi, na bado nyumbu wako. Kinachoharibu malisho, wanasema, ni mifugo kubanwa katika eneo dogo, jambo linalosababishwa na mipaka mipya yenyewe.

Nguvu ya hoja hii ni kubwa kisayansi na kisheria. Ardhi ya kijiji inatambuliwa na sheria, na hati za hakimiliki za kimila zinaweza kutolewa kwa pamoja kwa ajili ya malisho. Mfano wa homa ya nyumbu unaonyesha kwamba wafugaji wana elimu ya kugawana nyanda kwa misimu bila uzio wala askari.

Udhaifu wake ni kwamba utaratibu wa zamani ulijengwa kwa idadi ndogo zaidi ya watu. Leo familia ni nyingi, na matajiri wenye makundi makubwa hutumia malisho ya pamoja kuliko wajane wenye mbuzi kumi. Ikiwa halmashauri ya kijiji haina nguvu ya kusema hapana kwa mwenyeji au mgeni anayeingiza mifugo mingi, alalili huliwa kabla ya kiangazi. Na hata malisho yakiwa salama, kijana aliyemaliza kidato cha nne bila ng'ombe na bila kazi hatapata jibu katika njia za kuhama.

Msimamo wa tatu: kupanua vyanzo vya kipato

Wengi humaliza mjadala kwa kusema watu wajishughulishe na mambo mengine, na wilaya jirani ya Karatu hutolewa kama mfano. Ni mfano mzuri, ila una masharti yake. Karatu ina mvua ya nyanda za juu, ngano, mahindi, mbaazi na kahawa. Ina vitunguu vya Mang'ola vinavyomwagiliwa katika bonde la Eyasi. Ina barabara ya lami inayopitisha karibu kila gari la watalii kuelekea lango la Loduare la Hifadhi ya Ngorongoro. Utalii ulipokauka mwaka 2020, mkulima wa Karatu alibaki na shamba. Malambo haina mvua hiyo, na lami ya Waso hadi Sale, kilomita 49, ni kipande tu cha barabara ndefu inayopaswa kufika Mto wa Mbu. Kuitaka Malambo iige Karatu bila maji na bila barabara ni kuidai matunda pasipo mti.

Iko mifano iliyo karibu zaidi na hali ya Malambo. Kijiji cha Ololosokwan, tarafani Loliondo, kiliingia mkataba na kambi ya watalii mwishoni mwa miaka ya 1990 na kupata fedha za kijiji za madarasa na karo. Huko Simanjiro, kijiji cha Terrat kilikubaliana mwaka 2005 na kampuni za utalii kulipwa kila mwaka ili kisilime nyanda ambazo nyumbu wa Tarangire huzalia, huku ng'ombe wakiendelea kuchunga. Wahadzabe wa Yaeda Chini hulipwa kwa kutunza misitu kupitia biashara ya kaboni.

Mipango hii ina mitego yake. Kanuni za mwaka 2007 ziliuweka utalii wa vijijini chini ya usimamizi wa idara ya wanyamapori, na mapato ya moja kwa moja ya vijiji yakapungua. Jumuiya za hifadhi za wanyamapori zilikataliwa na vijiji vingi vya Loliondo kwa hofu kwamba ni mlango wa kupoteza ardhi. Mikataba ya kaboni ya udongo wa malisho iliyofika Longido na Monduli imezua maswali kuhusu miaka mingi ya masharti na nani hasa aliyesaini. Mkataba hauwezi kuwa bora kuliko uhakika wa ardhi unaousimamia.

Kupima hoja

Zikiwekwa pamoja, hoja tatu hizi hazigongani kama zinavyoonekana. Mwenye uhifadhi anataka nyanda zisilimwe, zisijengwe wala kuzungushiwa uzio. Mfugaji anataka vivyo hivyo. Anayetaka kupanua kipato anahitaji mandhari na wanyama ambao wawili hao wanaweza kuwalinda. Tofauti ya kweli ni moja: nani aamue lini eneo lifungwe na lini lifunguliwe, na nani alipwe likifungwa.

Kwa maoni yangu, mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko uchaguzi wa upande. Uhakika wa ardhi na njia za kuhama uje kwanza, kwa mipango ya matumizi ya ardhi inayounganisha vijiji kadhaa, kwa kuwa kijiji kimoja hakina misimu yote ndani ya mpaka wake. Matumizi ya eneo la Pololeti yajadiliwe upya kwa msingi wa misimu: kalenda inayowaacha nyumbu wazae kwa amani Januari hadi Machi na kuruhusu mifugo kufika kwenye maji kiangazi kikikaza inafaa zaidi kuliko mstari usiobadilika mwaka mzima. Wafugaji wenyewe tayari hukaa mbali na nyumbu wakati wa kuzaa, kwa hiyo nusu ya makubaliano hayo ipo.

Vijiji navyo vibebe wajibu. Ukomo wa mifugo kwenye malisho ya pamoja, hasa kwa wenye makundi makubwa, ni jambo gumu kisiasa, lakini bila hilo hoja ya uhamaji inapoteza uaminifu. Serikali kwa upande wake irudishe sehemu inayojulikana ya mapato ya utalii na uwindaji moja kwa moja kwenye vijiji vinavyobeba gharama, itangazwe hadharani, ili mkulima wa karafuu wa Pemba asiwe mwananchi pekee aliyewahi kuona hesabu yake ikisahihishwa.

Baada ya hapo ndipo soko la mifugo, majosho, mabwawa, barabara na mikataba ya utalii vitazaa. Vikitangulia kabla ya uhakika wa ardhi, vitaongeza thamani ya eneo na hivyo kuongeza hamu ya wengine kulichukua.

Kwa muhtasari

Malambo ni eneo kavu lenye nyasi bora zilizotokana na majivu ya volkano, na uchumi wake unategemea uwezo wa kuhamisha mifugo kati ya misimu. Hoja ya uhifadhi ni sahihi kuhusu ukomo wa ardhi na thamani ya taifa, lakini inawabebesha wachache gharama ya wengi. Hoja ya wafugaji ni sahihi kuhusu uhamaji na haki, lakini bado inadaiwa jibu kuhusu ongezeko la watu na mifugo. Hoja ya kupanua vyanzo ni sahihi kuhusu hatari ya kutegemea kitu kimoja, lakini inahitaji ardhi yenye uhakika ili isiwe njia ya kupokonya. Visiwa vimetuonyesha kwamba rasilimali moja huangusha jamii pale maamuzi na mapato yake yanapokaa mbali na wanaoitunza. Kazi ya tume mbili zilizotangazwa kuhusu Ngorongoro ipimwe kwa jinsi inavyotenganisha swali la Msomera na swali la malisho, na inavyopendekeza nani aamue, kwa msimu gani na kwa malipo gani.